Uzi maalumu: Msimu wa vimbunga, karata za taroti na sisi watu wa Tanga

#1 Mleta uzi (Tanga)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa sisi tunaofuatilia vimbunga, vya Bahari ya Hindi na vya Atlantiki, pamoja na wale wanaovitazamia kwa karata. Hapa Tanga mambo hayo mawili yameshakutana. Kuna dada yuko Chumbageni anapiga taroti. Zamani wateja wake walikuwa watu wa ndoa, safari na biashara. Tangu kimbunga Hidaya cha Mei 2024, wake wa wavuvi wa fukwe za Sahare na Deep Sea nao wanamwendea kuuliza habari za bahari: mume atoke au asitoke. Hilo ndilo lililonisukuma kuandika, maana swali hilo lina roho ya mtu ndani yake.

Nimepata kukaa barazani kwake akifanya kazi, kwa ridhaa yake. Anatandika kitambaa cheusi juu ya mkeka, anachanganya karata kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha mteja anakata kwa mkono wa kushoto. Kwa vimbunga vya bahari yetu anatoa tatu: ya kwanza upepo, ya pili maji, ya tatu watu. Kwa Atlantiki ana utaratibu mwingine. Orodha ya majina ya kule ni 21 kwa mwaka, kwa sababu herufi Q, U, X, Y na Z hazitumiki, na karata kubwa za taroti ni 22. Basi kabla ya Juni mosi, siku msimu wao unapoanza, anaandika majina yote kwenye karatasi ya manila, anaweka karata moja juu ya kila jina, na ile inayobaki anaiita ya msimu mzima. Msimu wao unafungwa Novemba 30, na karatasi hiyo inakaa ukutani mpaka siku hiyo.

Kwa wasiozijua, taroti ni karata 78. Kubwa 22 kila moja ina picha na jina: Mnara, Mwezi, Jua, Kifo, Gurudumu la Bahati. Zile 56 zilizobaki ni ndugu wa kopa, uru, pau na shupaza tunazocheza barazani, ila zenyewe zina vikombe, sarafu, fimbo na panga. Zilianza kaskazini mwa Italia karne ya 15 kama mchezo tu. Mambo ya kutazamia yalishika kasi Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Seti anayotumia dada huyu ilitolewa London mwaka 1909, na mchoraji wake, Pamela Colman Smith, aliishi sehemu ya utoto wake Kingston, Jamaika, kisiwa ambacho watu wake wanakijua kimbunga tangu wakiwa wadogo.

Sasa tuhesabu kidogo. Wastani wa Atlantiki kwa miaka ya 1991 hadi 2020 ni dhoruba 14 zenye majina kwa msimu. Kati ya hizo, 7 hufikia kimbunga kamili, na 3 huwa vimbunga vikubwa, yaani daraja la 3 kwenda juu kati ya madaraja matano. Tuseme katika karata 78 zile za kutisha ni 12: Mnara, Kifo, Ibilisi, panga kumi na kadhalika. Ukitoa karata tatu, uwezekano wa kukutana na angalau moja ya kutisha ni karibu mara 4 katika 10. Ukizitolea dhoruba zote 14 kwa mtindo huo, 5 au 6 zitaangukiwa na karata mbaya. Kwa hiyo karibu kila mwaka patakuwa na mahali ambapo karata na upepo vimesema kitu kimoja, na hapo ndipo watu wanapokumbuka. Zile nyingine hakuna anayezisimulia.

Lakini kuna upande wa pili, na ndio hasa nilioutaka. Mtu asiyejua chochote, akisema "hakitakuwa kikubwa" kwa kila jina, kwa wastani atapatia 11 kati ya 14. Hapa Tanga atapatia zaidi: kila mwaka akisema "kimbunga hakifiki", atazeeka akiwa na sifa ya mtabiri mkweli, na hatakuwa amemsaidia mvuvi hata mmoja. Ndiyo maana mimi simpimi mtabiri kwa kupatia peke yake. Namuuliza hivi: kauli yako inampa nahodha muda wa kupandisha chombo? Inamwambia lini akishushe tena? Karata haitaji saa wala haitaji mahali, na mvuvi anavihitaji vyote viwili.

Karibuni. Mwenye uzoefu wa baharini, mwenye karata, mwenye ramani za satelaiti, wote kiti kipo.

#2 Mdau wa Pangani

Mkuu, uzi mzuri. Sisi huku wazee wetu hawakuwa na satelaiti wala taroti. Waliangalia wingu, waliangalia rangi ya maji asubuhi, na zaidi ya yote waliangalia wimbi. Likija wimbi refu, zito, kutoka kusini mashariki, na pepo zimelala kabisa, hakuna aliyetoka. Je, na hii unaiweka kapu moja na kupiga bao?

#3 Mleta uzi

Hapana ndugu yangu, na nashukuru umeuliza mapema.

Wimbi refu bila upepo ni ushahidi. Kimbunga kikiwa bado mbali, mamia ya kilomita, mawimbi yake yanasafiri mbele yake na kufika ufukweni kabla ya wingu la kwanza. Mzee wa Pangani aliyelikwepa wimbi hilo alikuwa anasoma kitu kilichotoka kwenye kimbunga chenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa kujua kaskazi inakata lini, matlai inakaa siku ngapi, na kusi inaanza kuvuma kwa nguvu wakati gani. Ile kalenda ya Nairuzi yenye siku 365, inayohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, ni kazi ya watu walioangalia bahari vizazi na vizazi.

Kule Kyuba palikuwa na padri Mjesuiti, Benito Viñes, aliyefika Havana mwaka 1870 akawa anaangalia mawingu ya juu kabisa, yale membamba kama nyuzi, yanaelekea wapi. Septemba 1875 alitoa onyo la kimbunga kabla hakijafika, na linahesabiwa kuwa miongoni mwa maonyo ya kwanza kabisa ya aina hiyo duniani. Chombo chake kikubwa kilikuwa jicho. Huyo na mzee wako wa Pangani wangeelewana bila mkalimani.

Karata inachanganywa chumbani. Hakuna kitu kilichotoka baharini kikaingia ndani yake. Kwangu tofauti ni hiyo tu, na ni kubwa.

#4 Dada wa Chumbageni

Assalam aleikum wote. Mimi ndiye mwenyewe.

Kaka, umenieleza kwa adabu na nimeridhika nayo. Naomba na mimi niseme la kwangu. Mwanamke anayenijia saa mbili usiku, mume yuko nje na simu haipatikani, ameshasikia redio. Redio imemwambia mawimbi makubwa yanatarajiwa kwa baadhi ya maeneo ya ukanda wa pwani. Baadhi ya maeneo ni wapi? Yeye anataka kujua kuhusu mtu mmoja, kwenye ngalawa moja. Hakuna ofisi inayoweza kumjibu hilo. Kwangu anakaa, anakunywa maji, anaangalia picha, analia kama kulia kupo, anapata kusema jina la mumewe kwa sauti. Nikitoa Mnara simwambii "amekufa". Namwambia tuamke alfajiri twende Deep Sea tukaulize vyombo vilivyorudi. Na mara nyingi nakwenda naye.

Kwa hiyo usiniweke pamoja na wanaouza hofu.

#5 Mleta uzi

Dada, maneno yako nimeyasoma zaidi ya mara moja. Kumkalisha mtu na hofu yake usiku ni kazi ya heshima, na hakuna ramani itakayoifanya. Hapo sina ubishi nawe.

Ombi langu ni moja. Usimwambie mtu yeyote kwamba bahari ni salama kwa sababu karata imetoka Jua. Ukimwambia asitoke na hali ikawa shwari, amekosa riziki ya siku, na hilo linauma kwenye nyumba inayokula kwa siku. Ukimwambia atoke na hali ikachafuka, hakuna cha kurudisha. Makosa hayo mawili hayana uzito sawa, kwa hiyo na kauli zake zisitolewe kwa wepesi ule ule.

Na hata wale wenye mitambo wanalijua hilo vizuri. Msimu wa Atlantiki wa 2024 ulianza na Beryl, ambayo mwanzoni mwa Julai ilifikia daraja la 5, mapema kuliko kimbunga kingine chochote cha daraja hilo katika kumbukumbu za kule. Kisha baada ya Ernesto, kuanzia katikati ya Agosti, bahari ikatulia muda mrefu katika kipindi ambacho kwa kawaida ndicho cha moto. Watu wakaanza kuwakebehi wataalamu mitandaoni. Waliokuwa kazini hawakutangaza kwamba msimu umekwisha. Septemba 26 Helene ikapiga Florida, na maji yake yakaua watu mpaka milimani North Carolina. Oktoba 9 ikaja Milton. Msimu ulifungwa na dhoruba 18, vimbunga kamili 11, vikubwa 5.

#6 Mdau wa Mtwara

Wakuu, tusiwatukuze sana hawa wa mitambo. Aprili 2019 sisi Mtwara tulitangaziwa Kenneth. Watu wakahamishwa, shule zikafungwa, tukalala kwenye majengo ya watu. Kimbunga kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji. 2021 wakatangaza Jobo inakuja Dar, ikafika imechoka. Sasa tofauti yao na karata ni ipi?

#7 Mleta uzi

Mkuu wa Mtwara, pole kwa usumbufu ule, na swali lako ni la haki kabisa.

Kimbunga kikiwa kinakuja, njia yake huchorwa kwa umbo la faneli: nyembamba karibu, pana mbele. Kituo cha vimbunga cha Miami kinaeleza wazi kwamba katikati ya kimbunga hubaki ndani ya faneli hiyo takriban mara mbili katika tatu. Maana yake mara moja katika tatu hutoka nje, na wanakuambia hivyo kabla. Huo ni utabiri unaokupa kipimo cha kosa lake mwenyewe. Na kosa hilo linapimwa kila mwaka na kuchapishwa, ndiyo maana limekuwa likipungua: leo utabiri wa njia kwa siku 3 mbele una kosa dogo kuliko ule wa siku 1 mbele wa miaka ya 1970.

Kenneth iliingia nchi kavu Aprili 25, 2019, upande wa pili wa Ruvuma. Watu wa Cabo Delgado ni majirani zenu, wengine ni ndugu zenu wa damu. Walichokipata wao ndicho mlichokikwepa kwa umbali mdogo sana. Na wiki sita tu nyuma Idai ilikuwa imeivunja Beira. Mtu aliyewahamisha Mtwara mwezi ule alifanya sawasawa, na ningetaka afanye hivyo tena.

Jobo ilidhoofika kabla ya kufika, kwa sababu pepo za juu zilikivuruga kimo chake. Kimbunga kinataka maji yenye joto la nyuzi 26.5 hivi au zaidi, na kinataka pepo za juu na za chini zisipishane sana. Zikipishana, mnara wake wa mawingu unainama na kukatika. Hicho ni kitu kinachoonekana kwenye picha za satelaiti, saa kwa saa.

Jambo moja zaidi: TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wana ngazi tatu, angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Wengi wetu tukisikia yoyote kati ya hizo tunasema "wametangaza kimbunga". Tukijifunza kuzitofautisha, nusu ya lawama itaondoka.

#8 Mzee wa Bagamoyo

Wanangu, mimi niko Bagamoyo na nimesoma mnayoyaandika. Mnazungumza kama kwamba ukanda huu wetu haujapata kupigwa. Nimekulia karibu na misheni, na habari ya kimbunga cha 1872 tuliisikia tangu wadogo. Kijana, kama unayo kwa urefu waandikie wenzako.

#9 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Ninayo, na ni sehemu ya habari hii ninayoijali kuliko zote.

Ilikuwa Aprili 15, 1872. Kimbunga kilipita Unguja na kuingia bara upande wa Bagamoyo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua misheni yao hapo mwaka 1868, wakiwalea watoto waliokombolewa utumwani. Majengo yao yakabomolewa vibaya. Bandarini Unguja merikebu za Sultani Barghash, aliyekuwa hajafikisha hata miaka miwili kwenye kiti, zikavunjika na kuzama. Minazi ikalala chini, na mikarafuu ya Unguja, ambayo ndiyo ilikuwa mali ya nchi, sehemu kubwa ikang'olewa. Stanley, akirudi kutoka kuonana na Livingstone, alifika Bagamoyo mwanzoni mwa Mei na kukuta nchi aliyopita bado ina majeraha ya mafuriko.

Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Mkarafuu unachukua miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo Unguja ilipokuwa inapanda upya, Pemba ilikuwa inavuna na bei iko juu. Tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu, mpaka leo. Upepo wa siku moja ulihamisha uchumi kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine! Na meli ya kifalme *Glasgow*, ile ambayo Waingereza waliizamisha Agosti 1896, ilijengwa baada ya zile za mwanzo kupotea kwenye kimbunga hiki.

Wakati huo ramli ilikuwepo, falaki ilikuwepo, na mabingwa wake walikuwa wengi na wa kuheshimika. Simu ya waya (telegrafu) haikuwa imefika Unguja. Hata kama mtu wa Shelisheli angekiona kimbunga kinapita, hakuwa na njia ya kumwambia mtu wa Bagamoyo.

Baada ya hapo kikaja cha Lindi, Aprili 1952. Kisha ukimya mrefu mpaka vizazi vikasahau, na ndipo Hidaya.

Kwa nini sisi wa kaskazini tunaponea? Kwanza tuko karibu mno na ikweta. Tanga iko nyuzi 5 kusini, na kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia ukisaidie kujizungusha. Msaada huo karibu na ikweta ni hafifu. Pili, Madagaska inavizuia vimbunga vingi. Lakini kuponea jicho la kimbunga si kuponea kimbunga. Mvua na mawimbi yanafika mbali sana na jicho.

Hidaya nilikuwepo Sahare. Ijumaa ya Mei 3 vyombo vilikuwa vinapandishwa tangu asubuhi. Ngalawa zilivutwa juu ya magogo mpaka kwenye minazi, watu kumi kumi kwa chombo, matanga yamefunguliwa na foromali zimelazwa chini, mashine za boti zinabebwa begani kwenda nyumbani. Wenye mitumbwi midogo waliijaza mchanga ili isipeperuke. Watu walikuwa na muda wa kufanya yote hayo kwa sababu taarifa ilikuwa imetoka siku kadhaa kabla, kimbunga kikiwa bado baharini. Mei 4 kikafika Mafia na nguvu zake zikaanza kuisha. Kusini mafuriko yakakata barabara ya Dar kwenda Lindi pale Somanga. Kwetu vyombo vilivyopandishwa vilishushwa vyote vikiwa vizima.

Baada ya wiki mbili hivi Ialy ikapita baharini mashariki yetu kuelekea kaskazini. Vyote viwili vilikuja Mei, wakati msimu wa bahari yetu, unaoanza katikati ya Novemba, kwa tarehe huwa umeshafungwa mwisho wa Aprili.

#10 Mdau wa Pangani

Mkuu, umenikumbusha. Huku Pangani nako tulipandisha. Sasa elekeza: mtu mwenye simu ya kawaida na bando dogo anafuatilia vipi?

#11 Mleta uzi

Kwa ufupi: taarifa ya TMA kwa wavuvi, kila siku, ndiyo ya kwanza. Kikianza kusikika kitu kati ya Madagaska na Shelisheli, angalia kituo cha La Réunion, ndicho chenye dhamana ya vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi. Ramani yao inasomeka hata bila kujua Kifaransa. Angalia na jedwali la maji. Kimbunga kikija siku za bamvua, maji yanayosukumwa na upepo yanapanda juu ya maji ambayo tayari yamejaa, na hapo hata chombo kilichopandishwa kinaweza kuelea. Picha za kusambazwa bila tarehe, achana nazo.

#12 Dada wa Chumbageni

Kaka, nimekubali ombi lako. Kwangu karata ya Jua haitampeleka mtu baharini. Ila na mimi nina ombi: nipe nafasi ya kupimwa.

#13 Mleta uzi

Unayo dada, na nakushukuru sana, wachache wangeiomba.

Tufanye hivi. Kuanzia Novemba 15 uzi huu utakuwa daftari. Kila anayetaka kutabiri, kwa karata, falaki, wimbi au ramani, ataandika hapa kabla: jina la dhoruba, tarehe litakapofika au litakapopotea, sehemu ya pwani, na nguvu. Kauli isiyo na tarehe na mahali haitaingia. Ikiingia haifutwi wala hairekebishwi. Kila mmoja atahesabiwa alizopatia na alizokosa, na pembeni nitaweka safu ya yule anayesema "hakifiki" kila mara, ili tuone nani anampita. Safu nyingine itaandika taarifa ilitangulia kwa saa ngapi. Mdau wa Pangani, hiyo ya mwisho nakuomba uishike wewe, kwa sababu unajua inachukua muda gani kupandisha mashua huko kwenu maji yakiwa yamepwa.

Mzee wangu wa Bagamoyo, kama kwenye misheni kuna mtu anayeweza kusoma maandishi ya zamani ya Kifaransa, tuulizie walichoandika kuhusu asubuhi ya Aprili 15: upepo ulianza upande gani, na uligeuka saa ngapi.